Mfupa Huchelewa Kusema

Wadawida walikuwa wakiitazama mifupa ya watu wao kabla mashine yoyote ya picha haijafika Afrika Mashariki. Mzee akifa alizikwa, na baada ya muda, mwili ukishaoza, kaburi lilifunguliwa, fuvu likatolewa na kupelekwa kwenye pango la ukoo, likapangwa pamoja na ya waliotangulia. Mapango hayo yapo mpaka leo. Ukifika Wundanyi na kuuliza, hutakosa mtu wa kukuonyesha moja. Ukame ukizidi au ugonjwa ukiingia nyumbani, wazee walikwenda kule na sadaka, wakasema na wenyewe.

Baadaye wakaja watu wa kupima. Mwaka 1931 jarida la Biometrika la Uingereza lilichapisha uchunguzi wa mafuvu kutoka Koloni la Kenya, na mafuvu ya Taita yalikuwa ndani yake. Miaka mingi baadaye Mmarekani William Howells aliyapima tena mafuvu 83 yaliyohifadhiwa Cambridge, akayaingiza katika kitabu chake cha 1973 kuhusu tofauti za vichwa vya binadamu duniani. Hadi sasa mwanafunzi wa anthropolojia aliye Japani au Brazili anaweza kufungua kompyuta yake akaliona jina "Teita" likiwa na safu za vipimo vya milimita.

Kwa hiyo mifupa ya wafu wetu inajulikana sana. Mifupa ya watoto wetu walio hai ni habari nyingine. Makala hii ni ya hiyo habari nyingine: usaha unaoingia ndani ya mfupa au kiungo cha mtoto, na picha ambayo daktari huitaka kabla ya kushika kisu. Historia ya picha hizo ni ndefu na nzuri, lakini ina funzo moja ambalo halijafika vijijini, na wakati mwingine halijafika hata kwenye chumba cha daktari. Mfupa huchelewa kusema. Ukiuliza mapema mno utakuambia hakuna kitu, na ukiukata bila kuusubiri unaweza kumwondolea mtoto mguu aliokuwa bado anao.

Hirimu moja na reli

Wilhelm Röntgen aligundua miale yake mjini Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895. Kabla ya Krismasi alikuwa amepiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa yote ikionekana na pete kidoleni. Mwaka uliofuata, 1896, Waingereza walianza kutandika reli kutoka Mombasa, na kufikia 1898 ilikuwa imeshapita Voi na kufika mto Tsavo, kwenye wale simba wanaojulikana na kila mtu. Eksirei na reli, basi, ni hirimu moja.

Reli ilifika upesi, eksirei ikachelewa. Sababu yake inaonekana vizuri kwa jirani zetu wa kaskazini. Mwaka huohuo wa 1898, katika vita vya Sudan, daktari wa jeshi la Uingereza aliyeitwa John Battersby alikuwa na mashine ya eksirei kambini Abadieh, ukingoni mwa Nile. Umeme haukuwapo. Battersby alifunga jenereta kwenye baiskeli ya watu wawili, askari wakapanda na kukanyaga pedali kwenye lile joto mpaka betri zijae, ndipo picha ikapigwa. Ilifanya kazi. Lakini jambo hilo lilionyesha tangu mwanzo kwamba eksirei ni mashine pamoja na umeme, mtu aliyefundishwa kuitumia, na barabara ya kumfikisha mgonjwa. Kikikosekana kimoja, mashine inabaki sanduku.

Sasa itazame Wusi kwa jicho hilo. Iko juu milimani, upande wa Mwatate, mahali ambapo mvua ikinyesha wiki moja bodaboda hufikiri mara mbili. Wesu kuna hospitali tangu enzi za mkoloni, karibu na lile jabali. Chini Voi ipo hospitali kubwa ya kaunti. Kwa vizazi vingi mtoto aliyevimba mguu usiku alikuwa na watu watatu wa kumwangalia kabla ya yeyote mwenye mashine: mama yake, nyanya yake, na mtu wa kukanda mifupa.

Nani, wapi, tangu lini

Mwanaanthropolojia Grace Harris, aliyeishi Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliandika kitabu kizima kuhusu hasira katika dini ya Wataita. Alichokieleza ni kwamba ugonjwa uliuliziwa hivi: nani ana hasira moyoni? Ndugu, mzazi, au aliyekwisha kufa? Hasira ikijulikana, mwenyewe aliitoa kwa kutasa, akipuliza kinywaji kutoka mdomoni huku akisema maneno ya kuufungua moyo. Watu wengine hulicheka jambo hili. Mimi sioni la kucheka. Swali la "nani" liliwakusanya jamaa wote kuzunguka mtoto mgonjwa, na mtoto mwenye usaha mfupani anahitaji sana jamaa wa kumzunguka, maana matibabu yake ni ya wiki na miezi.

Eksirei ilikuja na swali lake: wapi? Ni mfupa upi, sehemu gani? Ni swali zuri, na mashine hulijibu vizuri mfupa ukiwa umevunjika. Lakini kwa usaha, swali linalotangulia yote ni la tatu: tangu lini?

Hebu tueleze ugonjwa wenyewe. Mara nyingi bakteria, hasa wale wa stafilokoka wanaoishi kwenye ngozi, huingia kwenye damu kupitia kidonda kidogo tu, kipele au mkwaruzo ambao hakuna anayeukumbuka. Damu huwapeleka mpaka kwenye ncha za mifupa mirefu ya mtoto, pale inapokua kwa kasi, hasa karibu na goti: chini ya mfupa wa paja na juu ya muundi. Hapo mishipa midogo ya damu hujipinda na damu hupita polepole. Bakteria hutua, usaha huanza. Mfupa hautanuki kama nyama. Ni chumba cha mawe. Usaha ukiongezeka ndani yake shinikizo hupanda, maumivu yanakuwa makali, mtoto anakataa kukanyaga, homa inapanda. Usipotolewa, hutoboa njia ya kutoka, huunyanyua ule utando unaofunika mfupa na kuukatia mfupa damu. Mfupa usiopata damu hufa.

Kwenye nyonga mambo ni mabaya zaidi. Pale ncha ya mfupa iko ndani ya kiungo chenyewe, kwa hiyo usaha ukitoboa humwagika kiungoni na kuanza kula gegedu. Kwa mtoto mchanga usaha hupita kirahisi zaidi, kwa kuwa mishipa yake bado inavuka lile bamba la ukuaji. Thomas Smith, mpasuaji wa hospitali ya St Bartholomew's ya London, alieleza ugonjwa huo wa viungo vya watoto wachanga mwaka 1874. Zaidi ya nusu ya watoto aliowaandika walikufa, na wengi waliopona walibaki na nyonga iliyolegea.

Sasa tuseme mtoto wa miaka minane wa Wusi aliamka Jumatatu akilia goti. Jumapili alicheza mpira, kwa hiyo kila mtu anasema aliumia mpirani. Anakandwa. Jumatano bado ana homa, anapelekwa chini kupigwa picha. Picha inatoka safi: mfupa mzima, mweupe, hauna ufa. Familia inapumua, inapewa dawa ya maumivu na kupanda gari la kurudi.

Picha haikudanganya. Ili eksirei ionyeshe kwamba mfupa unaliwa, lazima kwanza upoteze theluthi hadi nusu ya madini yake mahali pale. Utando ulionyanyuliwa nao huchukua siku kumi hivi hadi wiki mbili kabla haujatengeneza mfupa mpya unaoonekana. Siku ya tatu, kinachoweza kuonekana ni uvimbe wa nyama tu, tena kwa jicho lililozoea. Kwa hiyo eksirei safi siku ya tatu maana yake ni kwamba mfupa haujavunjika. Haisemi kwamba hauna usaha. Tofauti ya sentensi hizo mbili ndiyo imewagharimu watoto wengi miguu yao, hapa kwetu na kwingineko duniani.

Waliokata bila picha

Madaktari wa zamani walilijua hilo kwa uchungu. Kabla ya penisilini, ugonjwa huu ukianza kwa ukali uliua takriban mtoto mmoja kati ya watano, kwingine mmoja kati ya wanne. Penisilini ilipoanza kutumika kwa wagonjwa mwaka 1941, vifo vilishuka sana. Lakini dawa hufuata damu. Ikitolewa mapema, kabla usaha haujajaa, mara nyingi inatosha peke yake. Ikichelewa, inakuta usaha uliofungiwa na mfupa usio na damu, wala haiwezi kuingia. Hapo ndipo kisu kinahitajika. Penisilini haikuliondoa swali la tangu lini. Ililifanya liwe la maana zaidi.

Huku Afrika Mashariki na Kati kazi hiyo iliandikwa vizuri na watu waliofanya kazi bila vifaa. Maurice King alihariri kitabu cha tiba kwa nchi zinazoendelea kilichotokana na kongamano la Makerere, kikachapishwa 1966. Kisha mwaka 1990 yeye na wenzake wakatoa kitabu cha upasuaji kwa madaktari wa hospitali za wilaya, wale wanaofanya kila kitu peke yao, uzazi leo na mguu kesho. Ndani yake kuna sura nzima ya usaha katika misuli, mifupa na viungo. Mafundisho yake ni wazi: mtoto mwenye homa, anayekataa kutumia mguu, na mwenye maumivu makali mahali pamoja karibu na ncha ya mfupa, asiachwe asubiri eksirei ibadilike. Mguse kwa kidole, tafuta pale panapouma zaidi, na dawa isipomsaidia upesi, toboa mfupa usaha utoke.

Naona hilo ni jambo kubwa katika historia ya picha, ingawa linahusu kutokuwa na picha. Kitabu kilimpa daktari wa wilaya ruhusa ya kuamini kidole chake.

Kwa nyonga, ambako kidole hakifiki, msaada ulikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1999 Mininder Kocher na wenzake wa Boston walionyesha kwamba mambo manne yakikutana, uwezekano wa usaha unakuwa mkubwa sana: homa, kukataa kukanyaga, damu inayotulia upesi kwenye kile kipimo cha ESR, na chembe nyeupe nyingi za damu. Viwili kati ya hivyo mama anavijua akiwa bado jikoni kwake.

Wanaopaswa kuisubiri picha

Hadithi hii ina upande wa pili, nao unakwenda kinyume na wa kwanza.

Mtoto yule wa miaka minane asipotibiwa, huenda asife. Homa inashuka yenyewe, ngozi inatoboka, usaha unatoka, na maumivu yanapungua kwa sababu shinikizo limepungua. Watu wanasema amepona. Baada ya miezi kidonda kile kinafunga na kufunguka, kinafunga na kufunguka, na siku nyingine kinatema kipande cheupe cha mfupa. Ndani yake kuna mfupa mfu, na kuuzunguka mwili umejenga mfupa mpya, mfano wa ala inayovishwa panga. Mfupa mfu ni makao ya bakteria. Ala ndiyo inayoushika mguu usikunjike.

Hapa daktari mwenye haraka ndiye wa kuogopwa. Akiutoa mfupa mfu kabla ala haijawa na nguvu, mtoto anabaki na pengo katikati ya mguu. Ni picha tu inayoweza kumwambia kama ala imekomaa. Siku ya tatu eksirei haina la kusema, lakini mwezi wa sita ndiyo mzee wa baraza.

Waliolipanga jambo hili vizuri ni jirani zetu wa Malawi. Katika hospitali ya Beit CURE mjini Blantyre, madaktari waliwaona watoto wengi wenye ugonjwa huu wa muda mrefu, wakazigawa picha zao katika makundi. A ni jipu lililojifungia ndani ya mfupa. B ni mfupa mfu, na hilo limegawanywa mara nne: kipande kidogo cha juu juu tu, mfupa mfu wenye ala imara, wenye ala iliyokakamaa, na usio na ala ya kuubeba mguu. C ni mfupa uliokakamaa bila kipande kinachoonekana. Kila kundi lina njia yake. Mwenye ala imara, mfupa mfu unatolewa na mguu unasimama. Asiye na ala, itabidi kujenga upya, pengine kwa kupandikiza mfupa.

Ninaloupendea mpango huo ni kwamba ulitengenezwa kwa eksirei ya kawaida, ambayo hospitali ya wilaya inayo au inaweza kuwa nayo. Haukuanzia kwenye mashine ya bei ya ndege. Watu waliangalia walichonacho, wakauliza kinaweza kusema nini kikiulizwa vizuri.

Mashine mpya, mlima uleule

Mashine za bei ya ndege nazo zipo, wala hatuzidharau. Ian Donald wa Glasgow alichapisha kazi yake ya altrasaundi mwaka 1958, akiwa daktari wa wanawake. Baadaye ikaonekana kwamba chombo kilekile huonyesha maji kwenye nyonga ya mtoto na usaha chini ya utando wa mfupa, siku ambazo eksirei bado ni safi. Haiwezi kusema kama maji hayo ni usaha. Sindano ndiyo itasema. Ila inaonyesha mahali pa kuchoma. CT ilianza London 1971. MRI, iliyoingia hospitalini miaka ya 1980, huona uboho ulioanza kulowa mapema sana, ikamwonyesha mpasuaji usaha umefika wapi kabla hajakata. Kwa mtoto mdogo, hata hivyo, mara nyingi lazima alazwe usingizi ili atulie, na mashine zenyewe ziko mijini.

Hata MRI ina mipaka yake. Mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu, na Pwani yetu inao wengi, anaweza kuumwa mfupa kwa sababu damu imekwama, bila bakteria yoyote. Au kwa sababu ya usaha, na kwake bakteria wa salmonela huonekana zaidi kuliko kwa wengine. Picha za hali hizo mbili hufanana sana. Daktari anarudi palepale: homa, kidole, damu, sindano, na tangu lini.

Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilianza mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali kwa kaunti zote 47, hospitali mbili kila kaunti, mashine za picha zikiwemo. Ulizua mabishano mengi, mpaka Seneti ikaunda kamati ya kuuchunguza. Ilibainika kwamba kuna kaunti ambako mashine zilikaa bila kazi kwa kukosa wataalamu au umeme wa kutosha. Wale askari wa Battersby juu ya baiskeli yao wangelielewa hilo bila kuelezwa.

Na reli? Tangu 2017 kuna treni mpya inayosimama Voi. Mtoto wa Wusi mwenye mfupa mfu anaweza kushuka asubuhi, akapanda kwenda Nairobi, kisha akafika Kijabe, ambako hospitali ya mifupa ya watoto ilifunguliwa 1998. Safari hiyo ni ya baraka kubwa. Lakini ni safari ya aliyechelewa. Aliyewahi angetibiwa kwa dawa ya mshipani huku karibu, wiki ileile ya kwanza.

Ndiyo maana nasema historia hii haiwafai madaktari peke yao. Mzazi aliye Wusi hana MRI, lakini ana kitu ambacho mashine zote hizi zinakihitaji, nacho ni tarehe. Mguu ulianza kuuma siku gani? Homa ilianza lini? Aliacha kukanyaga lini? Aseme hivyo mlangoni, kabla hata ya kusema habari ya mpira. Akiambiwa picha ni safi, na mtoto bado ana homa na hakanyagi, asikubali kuwa mambo yameishia hapo. Aulize kuhusu damu, aulize kuhusu altrasaundi, aulize lini picha irudiwe. Akirudi nyumbani na mguu ukazidi, ashuke tena kesho yake, asisubiri wiki.

Na picha yenyewe aiombe. Zamani filamu ilitolewa ndani ya bahasha ya kaki, ikawekwa chini ya godoro pamoja na cheti cha kuzaliwa na kadi ya kliniki, na mtu aliweza kuja nayo miaka kumi baadaye. Siku hizi picha nyingi hubaki kwenye kompyuta ya hospitali, na mzazi anaondoka na karatasi ya mstari mmoja. Daktari wa Mombasa au Kijabe atataka kuiweka ya leo kando ya ile ya mwezi uliopita, aone ala imekua kiasi gani. Iombwe kwenye diski au kwenye simu, iandikwe jina, mguu upi, na siku iliyopigwa.